Setilaiti Inaona Themanini, Haioni Kona ya Kitonga

Mabasi ya mikoani Tanzania yamekuwa yakifuatiliwa kwa setilaiti tangu enzi za SUMATRA, mamlaka ya zamani ya kusimamia usafiri, kabla LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, haijachukua nafasi yake mwaka 2019. Kifaa chenyewe cha kufuatilia magari, VTS kama wanavyokiita wenye mabasi, kinanasa mawimbi ya setilaiti, kinapiga hesabu ya mahali na mwendo, kisha kinatuma taarifa kwa mtandao wa simu. Basi likivuka kilomita 80 kwa saa, wakubwa wanajua, na ubishi uliopo ni faini ziwe kubwa au ndogo.

Wanaokitetea wana hoja nzito. Tochi ya trafiki, ile ya kupimia mwendo barabarani, ina dawa yake: dereva wa upande wa pili anakuwashia taa, unanyata, ukishawapita askari unakanyaga. Setilaiti haina wa kukuwashia taa. Na safari za usiku, zilizozuiwa tangu miaka ya 1990, ziliporuhusiwa tena mwaka 2023, sijui nani angethubutu kuziruhusu bila jicho la namna hii.

Madereva nao wana lao. Gari dogo linawapita kwa 120 na halina kifaa chochote. Lakini malalamiko yao hayajagusa kasoro kubwa zaidi.

Niliiona nikiwa kiti cha nyuma ya dereva, safari ya Mbeya. Kitonga, mlima wenye kona kali kabla ya Iringa, lori lililojaa shehena ya Tunduma linapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Suka wetu akachoka kusubiri, akatoka upande wa kulia kwenye kona isiyoonyesha mbele. Mwendo wetu? Haukufika hata 40. Kifaa kimya. Mama wa jirani alikuwa amefumba macho, midomo inatembea. Baadaye, tambarare ya Igawa, barabara imenyooka na nyeupe, mshale ukagusa 84 na king'ora kikalia mpaka watoto wakaamka.

Kwa hiyo ule ubishi wa faini naona unapita pembeni. VTS inapima mwendo vizuri; hatari ni kitu kingine, na dalili zake nyingi zimo humohumo kwenye taarifa zinazokusanywa: mahali mabasi yanapofunga breki ghafla, saa ambazo mwendo unayumba. Nairobi, wanafunzi wenye simu walipanda matatu, wakarekodi ruti zake, na mwaka 2014 ramani ikatoka hadharani, kila mtu aitumie. Kazi ile haikumtoza mtu faini hata shilingi moja.

Kufungua taarifa za VTS kwa umma, kama ile ramani, kuna hatari zake, sikatai. Dereva anajitambulisha kwa kitufe chake kabla ya kuondoa gari, kwa hiyo safari zake zote zina jina, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamlinda yeye pia. Ila mtafiti anayetaka kujua breki zinafungwa wapi kati ya Mikumi na Ruaha Mbuyuni hahitaji jina la mtu. Anahitaji nukta kwenye ramani na saa yake.