Jina la kijiji hupewa aliyekihama

Sauti ya David Attenborough wengi wetu tuliisikia kabla ya kulijua jina lake. Nyumbu wanashuka mtoni, mamba kajilaza kama gogo, na mzee wa Kiingereza anasimulia kwa sauti ya chini utadhani yuko nao kichakani. Alizaliwa tarehe 8 Mei 1926. Kaka yake Richard, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa mwigizaji na mwongozaji mkubwa wa filamu. Ndugu hawa wamelitangaza jina lao kiasi kwamba mtu anaweza kudhani Uingereza imejaa akina Attenborough kama ilivyojaa akina Smith. Sivyo. Attenborough ni jina adimu. Ukifungua sensa ya mwaka 1881, ile wanayoitegemea sana wachora ramani za majina, unawakuta wenye jina hili wamesongamana mahali pamoja, katikati ya nchi: kaunti ya Nottinghamshire na jirani yake Derbyshire. Ukitoka hapo wanapungua haraka.

Na ndani ya mkusanyiko huo kuna kijiji kiitwacho Attenborough. Kiko kando ya mto Trent, kusini-magharibi ya Nottingham, na siku hizi jiji limekifikia kikawa kama kitongoji chake. Kina kanisa la kale la Mtakatifu Maria, kituo cha treni, na mabwawa mapana yaliyotokana na machimbo ya kokoto yaliyojaa maji, ambayo sasa ni hifadhi ya ndege. Hifadhi hiyo ilifunguliwa mwaka 1966, na aliyeifungua ni David Attenborough mwenyewe. Nikiwaza siku ile naona jina likirudi lilikotoka, baada ya safari ya karne kadhaa.

Nasema safari kwa makusudi, kwa sababu hili ndilo jambo ambalo wengi hulikosea wanapozungumzia majina ya ukoo ya Waingereza. Wakisikia mtu anaitwa kwa jina la kijiji, wanadhani ukoo wake ndio ulikitawala, au ndio uliobaki hapo tangu enzi. Ukweli ni kinyume chake. Ndani ya Attenborough huwezi kumwita mtu "wa Attenborough", kwa kuwa wote ni wa Attenborough. Jina hilo halimtambulishi yeyote. Linaanza kufaa siku mtu anapofunga mzigo wake, akahamia kijiji cha pili au cha tano, na wenyeji wakatafuta namna ya kumtofautisha na akina John wengine. "Yupi? Yule wa Attenborough." Basi. Wanawe wakarithi, na wajukuu wakarithi bila kukijua kijiji chenyewe.

Sisi tunalijua hili vizuri kuliko wengi. Dar es Salaam duka la mtaani linaitwa kwa Mpemba. Wete au Chake Chake nani atakuelekeza kwa Mpemba?

Mimi nilijifunza hili kwa miguu yangu. Babu yangu mzaa mama aliishi Kilwa mpaka akazikwa huko, na mji mzima ulimwita Mzee Mmafia. Mama yangu akikua aliitwa binti Mmafia. Miaka michache iliyopita nikapanda boti Nyamisati kwenda Kilindoni kutafuta jamaa zake. Nikawakuta wazee barazani, nikaamkia, nikaeleza kwamba nautafuta ukoo wa Mzee Mmafia aliyehamia Kilwa zamani. Mzee mmoja aliyekuwa anasuka ukili aliuweka mapajani, akanitazama kwa huruma.

"Mjukuu wangu," akasema, "huku nani si Mmafia? Taja jina lake."

Sikuwa nalo. Nilikuwa na jina ambalo Kilwa lilimtosha, na kwao halikumaanisha kitu.

Tangu siku hiyo nikiona jina kama Attenborough simuoni bwana wa kijiji. Namuona mtu anayeondoka.

Kuna hoja nyingine juu ya asili ya jina hili, na ni haki niieleze. Katika Kiingereza cha zama za kati, "atten" lilikuwa neno la kusema mtu anakaa mahali fulani, ndiyo maana kuna majina kama Atwood, yaani wa msituni, na Atwell, wa kisimani. Wapo waliosema Attenborough ni wa aina hiyo: mtu anayekaa kwenye ngome au kilimani, popote pale. Kwa masikio hoja hii inavutia. Lakini majina ya namna hiyo huota kila mahali, kwa sababu misitu na visima viko kila mahali. Jina linalosongamana kaunti mbili zinazopakana, na katikati yake kuna kijiji cha jina hilohilo, linadai maelezo mepesi zaidi. Mimi nasimama na kijiji.

Ramani za namna hii hazikutokea hewani. Majina ya kurithi yalianza kuenea Uingereza baada ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066, kwanza kwa wenye ardhi, na kufikia miaka ya 1400 watu wengi wa kawaida walikuwa nayo. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry wa Nane, aliagiza kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko. Mwaka 1837 serikali yenyewe ikaanza kusajili vizazi na vifo. Fikiria kasisi wa kijiji, kalamu ya unyoya, wino unaoganda kwa baridi, anaandika kwamba leo kabatizwa mtoto wa fulani, na anayefuata naye anafanya hivyohivyo kwa karibu miaka 500. Herufi zinabadilikabadilika, kwa kuwa kila mwandishi aliandika alivyosikia. Ndiyo maana utakutana pia na Attenborrow. Lakini uzi haukukatika. Hili nawaonea wivu.

Kwetu, wengi tunabeba jina letu, la baba na la babu. Juma Hamisi Salumu akimzaa Rashidi, mtoto ataitwa Rashidi Juma Hamisi, na Salumu ameshadondoka. Vizazi vitatu na cheti hakimjui tena. Ila mfumo wao nao una dhuluma yake: mwanamke akiolewa jina lake linamezwa, na ukoo wa mama unapotea kwenye karatasi. Mwanamke wa pwani huku kwetu huolewa na kuzikwa akiwa binti wa baba yake. Kila upande umechagua nani wa kusahauliwa.

Sasa, kwa nini jina liwe adimu? Watu hupenda kusikia kwamba uadimu ni dalili ya utukufu. Wapo hata wafanyabiashara wanaouza nembo za ukoo kwa kila jina la Kiingereza, ilhali kwa taratibu za Uingereza nembo hupewa mtu na uzao wake, haipewi jina. Mwaka 1873 Francis Galton aliuliza hadharani kwa nini koo maarufu zinatoweka, na mwaka uliofuata yeye na mchungaji mmoja mwanahisabati, Henry William Watson, wakachapisha hesabu yao. Kiini chake ni rahisi: jina likipita kwa watoto wa kiume peke yao, basi kila kizazi ni bahati nasibu. Huyu kazaa mabinti watupu, yule kafa na tauni, mwingine hakuoa. Majina mengi yaliyoanza na mtu mmoja yalikwisha kimyakimya bila mwenyewe kukosa lolote. Machache yalipenya. Attenborough ni mojawapo, na hakuna cheo kilicholibeba.

Hapa ndipo maabara ilipoingia. Kromosomu Y, kipande cha DNA walicho nacho wanaume peke yao, hupita kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, njia ileile inayopitwa na jina la ukoo la Kiingereza. Mwaka 2009 Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester walichapisha utafiti juu ya wanaume 1,678 wenye majina 40 tofauti. Akina Smith hawakufanana kwa damu kuliko watu waliookotwa njiani, na si ajabu, maana smith ni mhunzi, na kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake. Majina adimu yalikuwa habari nyingine. Kwa akina Attenborough, karibu 9 kati ya 10 walikuwa na kromosomu Y ya aina moja. Baba mmoja. Ukiyaweka matokeo hayo juu ya ile ramani ya 1881, hoja ya "wa ngomeni popote" inabaki na nguvu ndogo sana.

Tena utafiti wenyewe ulifanyika nyumbani, kwa namna fulani. Baba yao David na Richard, Frederick Attenborough, alikuwa mkuu wa chuo hichohicho cha Leicester kuanzia 1932 hadi 1951, na watoto wake walikulia ndani ya eneo la chuo. Frederick alikuwa msomi wa Kiingereza cha kale. Mwaka 1922 alichapisha sheria za wafalme wa mwanzo wa Waingereza. Na ni Leicester ambako mwaka 1984 Alec Jeffreys aligundua njia ya kumtambua mtu kwa alama za DNA yake.

Aina ya kromosomu waliyokutwa nayo akina Attenborough iko katika kundi liitwalo E1b1b. Uingereza ni nadra. Matawi yake yamejaa Somalia, Ethiopia na Afrika Kaskazini, mengine yamefika Ugiriki na Albania, na shina lake la kale sana wanasayansi wengi huliweka upande huu wetu, Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika. Sisemi mzee wa nyumbu ni Mwafrika. Yanayotenganisha shina na tawi hilo ni maelfu ya miaka na mataifa mengi yasiyo na majina. Nasema tu kwamba jina lenye mizizi ya Kiingereza kabisa, la kijiji kimoja kando ya Trent, linasafiri pamoja na uzi uliotoka mbali.

Iko familia nyingine ambako uzi huo ni mfupi zaidi. Mwaka 2007 watafiti haohao walieleza juu ya jina adimu la mashariki ya Yorkshire, ambalo kwa heshima walilitaja kwa herufi yake ya kwanza tu, R. Wanaume 18 wenye jina hilo walipimwa, na 7 walikutwa na kromosomu ya kundi A1, ambalo hadi wakati huo lilikuwa likionekana Afrika Magharibi. Hawa ni Waingereza weupe, ambao hapakuwa na hadithi yoyote ya Afrika nyumbani kwao. Karatasi za ukoo zilirudi nyuma mpaka Yorkshire ya miaka ya 1780, katika matawi mawili. Mwafrika aliyeileta kromosomu hiyo alifika kabla ya hapo. Milango ilikuwepo mingi: katika karne ya 3 jeshi la Roma liliweka kikosi cha Wamoor, watu wa Afrika Kaskazini, kwenye ukuta wa Hadrian, kaskazini mwa Uingereza, na mwanzoni mwa miaka ya 1500 John Blanke, mtu mweusi, alipiga tarumbeta katika ikulu ya Henry wa Saba na wa Nane, na picha yake imechorwa kwenye hati ya mashindano ya mwaka 1511.

Ndiyo maana nasikitika mtu anapolishika jina la ukoo kama fimbo ya kuwapimia wengine usafi wa damu. Hesabu ni hii. Kila mtu ana wazazi 2, mababu na mabibi 4, kisha 8. Ukirudi vizazi 20 unapata nafasi 1,048,576. Jina la ukoo linafuata nafasi moja tu kati ya hizo. Na hata hiyo moja hukatika: utafiti wa Leicester ulikadiria kwamba kwa kila kizazi, asilimia 1 hadi 4.5 ya watoto hupata jina na kromosomu kwa njia tofauti, kwa kulelewa, kwa kuzaliwa nje ya ndoa, kwa kupewa jina la mama. Mifupa ya mfalme Richard wa Tatu ilipochimbuliwa Leicester mwaka 2012, kromosomu yake haikulingana na ya wanaoandikwa kuwa jamaa zake kwa upande wa wanaume. Ikiwa ni hivyo kwa wafalme, mkulima wa Nottinghamshire atalaumiwa kwa lipi?

Mtu mashuhuri zaidi aliyezaliwa katika kijiji cha Attenborough hakuitwa Attenborough. Ni Henry Ireton, aliyezaliwa 1611, jenerali wa jeshi la Bunge lililopigana na mfalme, na mkwe wa Oliver Cromwell, kiongozi wa upande huo. Jina lake nalo ni la mahali, Ireton ya Derbyshire, na maana ya mahali hapo ni shamba la Waairishi. Alifia Limerick, Ireland, mwaka 1651, akiwa vitani dhidi ya Waairishi.

Na neno Attenborough lenyewe ni ngome ya Adda. Adda alikuwa Mwanglo-Saksoni, Mwingereza wa kale, aliyeishi hapo karne nyingi kabla majina ya ukoo hayajakuwepo. Hatuna sababu ya kumhesabu kama babu yao. Ni mtu aliyekuwa na boma, watu wakaliita kwa jina lake, kisha mtu mwingine akatoka hapo akaenda zake. Huyo aliyetoka ndiye baba wa karibu wote hawa, na kromosomu yake inasomeka mpaka leo katika maabara. Lakini jina walilombandika walikompokea lilikuwa la Adda, na lake yeye halikuandikwa popote.

La babu yangu nimeshalipata. Shangazi yake mama, mwenye miaka tisini na ushei, alilitamka taratibu mara mbili, nami nikaliandika kwenye daftari la kaunta, jina lake, la baba yake na la babu yake. Mwezi ujao narudi Kilindoni.