Shamba dogo, pori kubwa: hoja isiyosikilizwa vizuri

Wapandishe mamalia wote wa dunia kwenye mizani moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliopima kaboni iliyomo katika miili ya viumbe, ulikadiria kwamba mifugo ni kama asilimia 60, binadamu asilimia 36, na wanyamapori asilimia 4. Katika hiyo 4 wamo tembo, nyani, popo, swala na panya wa porini, na nyangumi pia. Ukiwaondoa walio baharini, nchi kavu inabakiwa na chini ya asilimia 2. Kwa ndege hali ni hiyo hiyo: kuku na wenzake wa bandani ni kama asilimia 70. Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi nikitafuta pa kuipunguzia makali, sikupaona.

Kuhusu kesho ya sayari hii, wapenda mazingira wamegawanyika. Wapo wanaotaka kilimo cha upole: miti katikati ya mazao, samadi badala ya mbolea za viwandani, nyuki na ndege wakiishi humo humo shambani. Wengine wanasema chakula kikamuliwe kutoka eneo dogo iwezekanavyo, kisha ardhi inayobaki iachwe. Hawa wa pili huitwa mawakala wa wauza kemikali, na mjadala huishia hapo. Naona wanaonewa.

Karibu nusu ya ardhi inayokalika duniani ni ya kilimo. Robo tatu hivi ya hiyo ni malisho na mashamba ya chakula cha mifugo, ilhali nyama, maziwa na mayai hutupa chini ya moja ya tano ya kalori tunazokula. Shamba la upole likivuna kidogo kwa ekari, pengo litazibwa na ekari nyingine, na ekari hiyo leo ina mwenyewe: msitu. Sri Lanka ilipiga marufuku mbolea za viwandani Aprili 2021; mavuno ya mpunga yakaporomoka, na kufikia Novemba serikali ikarudi nyuma. (Mfano huu si wa haki kabisa, maana hakuna mkulima anayebadilisha udongo wake kwa msimu mmoja.)

Wapinzani wa kambi hii ya pili wana jambo zito. Ekari iliyookolewa haijilindi. Mavuno yakipanda na faida ikanona, mwenye trekta huongeza shamba. Soya ya Brazili imeonyesha hivyo. Naitrojeni ya mbolea inayosombwa na mto Mississippi, Marekani, huacha kila kiangazi eneo la Ghuba ya Meksiko lisilo na hewa ya kutosha samaki. Tena "kuiachia ardhi" mara nyingi kumemaanisha kuwafukuza waliokuwa wakiishi humo na kuitunza.

Yote kweli. Lakini hayo yanadai sheria, ulinzi na haki za wenyeji. Hayabatilishi hesabu ya ekari. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya 2024 yanasema idadi ya watu itafika kilele cha bilioni 10.3 hivi katikati ya miaka ya 2080, kisha ianze kushuka. Kwa hiyo tuna kama miaka 60 ya kupita kwenye tundu jembamba. Pori litakalovuka litaweza kutanuka tena baadaye, ila spishi iliyokufa njiani hairudi.

Watu wa kambi ya kuiacha ardhi hupenda kutaja ukanda usio na majeshi kati ya Korea mbili: upana kilomita 4, urefu kama 250, karibu hakuna watu wanaoishi humo tangu 1953, mabomu ya ardhini kila mahali. Korongo wenye utosi mwekundu, ndege adimu kweli kweli, hulala humo majira ya baridi. Wanachosahau kukitaja ni kwamba kukipambazuka korongo hao huruka kwenda upande wa kusini, kuokota punje zilizobaki katika mashamba ya mpunga ya wakulima wa Cheorwon.