Usiniambie "Usijali", Niulize Majibu Yanatoka Lini

Ukiwa na kinundu shingoni hapa Mombasa, kabla hujakaribishwa kiti utakuwa ushaambiwa mambo mawili: usijali, na tawakali. Wanaosema hivyo wanakupenda na sina ugomvi nao. Lakini la kwanza haliwezekani, na la pili siku hizi limekuwa la kumnyamazisha mtu. Yule bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kamba aliambiwa amfunge kwanza, kisha atawakali. Kamba yangu mimi ni kuuliza, na kila nikiuliza naonekana imani yangu haba.

Kinundu chenyewe hakikuniuma wala hakikunizuia kumeza. Kilionekana kwenye altrasaundi iliyokuwa ikitafuta jambo jingine kabisa. Kiko kwenye tezi ya shingoni (thyroid). Damu ikapimwa homoni za tezi hiyo, zikatoka sawa, nyumbani wakashangilia. Daktari akaeleza kwamba homoni zinasema tezi inafanyaje kazi tu, hazisemi seli zilizomo ndani ya kinundu ni za namna gani. Kwa hilo lazima zitolewe zikaangaliwe.

Kwa wanaoogopa kwenda, nieleze ilivyo. Unalala chali, mto chini ya mabega ili shingo ichomoze. Unapakwa jeli ya baridi, kisha daktari anaiongoza sindano huku macho yake yako kwenye skrini. Ni nyembamba kuliko ile ya kutolea damu mkononi. Unaambiwa usimeze mate, na papo hapo mdomo wote unajaa mate. Anachoma, anachoma tena, kile kidogo kilichotoka kinapakazwa kwenye vioo vya kuangaliwa kwa darubini. Unabandikwa plasta, unarudisha mtandio wako shingoni, unapanda matatu ya Kisauni na hakuna abiria anayejua umetoka wapi. Maumivu? Yapo kidogo, ila meno yamenitesa zaidi.

Mateso yako kwenye maneno ya kuagana: "Majibu yakiwa tayari tutakupigia."

Lini? Nani atapiga? Asipopiga niende dirisha lipi? Sisi ni watu wa bandari, kusubiri tunakujua. Kontena ikishushwa Kilindini ina namba yake, na mwenye mzigo, awe Biashara Street au awe Kampala, atauliza imefika hatua gani na atajibiwa. Ikichelewa atatukana, lakini anajua iko wapi. Vioo vyenye seli za shingo yangu sijui viko wapi. Huenda bado viko maabara ya hapa hapa, huenda vimesafirishwa Nairobi kwa daktari wa patholojia, yule anayezisoma seli, mwenye rundo la vioo vya watu wengine. Kucheleweshwa si dalili ya ubaya, mara nyingi ni foleni tu. Lakini hilo niliambiwa na rafiki aliyewahi kufanya kazi maabara. Dirishani hakuna aliyeona haja ya kulisema, wakati ni sentensi moja tu.

Basi simu ikawa bwana wangu. Namba nisiyoijua ikiita, moyo unapaa, napokea mikono ikitetemeka, kumbe ni kijana anauliza kama ningependa mkopo. Maskini, sijui alinielewaje nilivyomshukuru.

Kilichonisaidia ni kujua mapema majibu yanaweza kuja kwa sura gani. Wengi tunafikiri ni mawili: ni kansa au si kansa. Sivyo. Maabara nyingi duniani hutumia mpangilio wa madaraja sita uliotokana na mkutano wa wataalamu mjini Bethesda, Marekani, mwaka 2007. Daraja la kwanza ni kwamba seli hazikutosha, urudi uchomwe tena. La pili si saratani. La tatu na la nne ni ya utata, hapo daktari huamua kurudia, kufuatilia, au kutoa sehemu ya tezi ili ijulikane hasa. La tano linashukiwa sana, la sita ndilo saratani yenyewe. Afadhali uambiwe hivi kabla, maana mtu anayeitwa arudi kuchomwa bila kuelezwa anaanza kuandika wosia njiani.

Na hata hilo la sita lina habari zake. Vinundu vya tezi ni vingi mno, hasa kwa wanawake na kadiri umri unavyosonga, na kama tisa kati ya kumi si saratani. Katika zilizo saratani, aina inayopatikana zaidi hukua polepole na hutibika vizuri. Kule Kobe, Japani, hospitali ya Kuma ilianza mwaka 1993 kuzifuatilia zile ndogo zisizozidi sentimita moja badala ya kukimbilia kisu, na nyingi hazikukua. Korea Kusini wao walikimbilia kupima shingo za watu wasio na dalili yoyote. Kufikia 2011 waliogunduliwa walikuwa mara 15 ya kiwango cha 1993, na idadi ya wanaokufa haikubadilika. Maelfu walikatwa tezi, wengi wanameza vidonge vya homoni mpaka leo. Habari hii ilinituliza kuliko "usijali" zote za mtaani, kwa kuwa ilinipa kitu cha kushika. Isiwe kisingizio cha kukwepa kipimo ulichoandikiwa, lakini. Kinundu kikikua haraka, au sauti ikikwama, hapo hakuna kungoja.

Shangazi yangu ana dawa yake: mafuta ya habasoda, asubuhi na jioni, na kukibonyeza. Kila akija anapapasa na kutoa ripoti, leo kimepungua, leo kimehama. Mafuta nimeyakubali, yananukia na yanampa kazi. Kubonyezwa nimekataa, na nikamwomba awaambie na wenzake wa barazani kwamba shingo yangu si embe la Kongowea. Alinuna siku nzima, kisha akaniletea mbaazi.

Watu wengine sikuwaambia, wala sijutii. Ukiwaambia ishirini, utaulizwa na ishirini kila siku "mbona majibu yachelewa?", na kila mmoja atakuwa na jirani aliyekufa kwa kitu kama hicho. Anayefaa ni yule anayekuja kukaa, akasema la mtaani, akacheka, na akiuliza anauliza la maana: wamekuambia lini? Nikusindikize?

Jioni mawazo yakizidi nateremka Mama Ngina, nanunua mhogo wa kukaanga wenye ndimu na pilipili, natazama meli zinaingia. Wasiwasi hauishi. Unapungua sauti, na usiku nalala saa kadhaa.

Kesho sisubiri kupigiwa. Nakwenda dirishani na karatasi yangu: vioo viko wapi, nani anavisoma, siku gani nirudi, na majibu nitapewa na daktari ana kwa ana au nitakabidhiwa bahasha niifungulie stejini. Shangazi amesema lazima tuende sote. Nimemkubalia, sharti maswali niyaulize mimi.