Sikukumbatiwa, Nilinasa

Kabla hamjaendelea kuisambaza ile picha, nawaomba mnisikilize mimi mwenyewe. Rafiki yangu, ambaye tumefahamiana tangu shule ya msingi na ambaye kwa sababu hiyo hana huruma nami hata kidogo, amekwisha kuwasimulia kwamba Jumamosi alinishuhudia pale Kencom, kituo cha mabasi katikati ya Nairobi, nimelaza kichwa kifuani mwa mzee wa watu, nikilia, huku mke wa mzee huyo akinidai namba. Katika maelezo hayo mahali ni pa kweli, mzee ni wa kweli, mke ni wa kweli, na kifua, kwa bahati mbaya, nacho ni cha kweli. Machozi yalitokana na sufu ya sweta iliyokuwa ikinichoma machoni. Hiyo namba nitaifikia.

Kidani chenyewe mnakijua, maana nimewachosha kwa picha zake. Ni kile cha kufunika shingo nzima nilichokuwa nikimfumia mteja anayeposwa, ambaye alinunua doti ya kanga Biashara Street, akashona gauni kwa kipande kimoja, akaniachia kipande cha pili ili nihamishie urembo wake kwenye shanga. Kanga hiyo ni nyekundu, pindo lake ni jeusi na jeupe, mji wake, yaani sehemu ya katikati, umejaa michoro ya korosho, na ukingoni ina yale maandishi madogo ya wenye kanga, K.H.E. Mali ya Abdulla, ambayo wapenzi wa kanga za Mombasa wanayajua vizuri. Jina lake, ambalo nawaomba mlikumbuke kwa kuwa ndilo lililonimaliza, ni WAWILI WAKIPENDANA ADUI HANA NAFASI.

Anayedhani kwamba kuitoa korosho kwenye kitambaa na kuitia kwenye shanga ni kunakili tu hajawahi kukesha na karatasi ya miraba. Katika mchoro kila mraba ni ushanga mmoja, lakini ushanga wenyewe si mraba: ni mfupi upande ule unaopitiwa na uzi, kwa hiyo ukiilaza korosho yako nzuri kwenye daftari la hesabu na kuifuata kwa uaminifu, itatokea shingoni imefupika na kunenepa kama harage. Inabidi uirefushe katika mchoro hadi ionekane mbaya, ndipo iwe nzuri katika kidani. Tena kila mzunguko wa nje lazima uongezewe shanga kuliko uliotangulia, la sivyo kidani hukunjamana na kukataa kulala mabegani. Nilitumia shanga za Ucheki za namba 11, ambazo kwa maajabu ya hesabu za biashara hii ni ndogo kuliko za namba 8, na huhitaji kama saba hivi kujaza sentimita moja. Jumla yake pigeni wenyewe; macho yangu yamekwisha kuipiga.

Chini ya pindo mteja alitaka kauri zinazoning'inia, tena zinazoweza kutolewa siku atakapopenda kuning'iniza sarafu badala yake. Ndiyo maana kila kauri ilishikwa na kulabu ndogo ya waya iliyoachwa wazi kidogo. Kulabu hizo nilizikunja kwa koleo moja baada ya nyingine, safu nzima, ncha zikielekea mbele ili zisimkwaruze mvaaji. Wenye akili miongoni mwenu wameanza kuona gari linakoelekea.

Kidani kikubwa namna hiyo hakiwezi kukunjwa ndani ya mkoba bila nyuzi kulegea. Kwa hiyo nilikivaa, nikajitanda kile kipande cha kanga mabegani kwa sababu ya baridi ya Julai, nikapanda matatu Buruburu kwenda kuonana na mteja katika soko la Wamaasai, lile la Jumamosi karibu na majengo ya mahakama. Njiani mama mmoja aliniuliza bei. Nilimtajia nikiwa nimeinua shingo.

Tulipokaribia kituo cha mwisho, abiria wote walisimama kwa pamoja, kama ilivyo desturi yetu ya kushuka kabla gari halijasimama. Nilikuwa nimegeuka nyuma kuuvuta mkoba wangu chini ya kiti wakati dereva alipokanyaga breki. Nilirushwa moja kwa moja hadi kifuani mwa mzee mmoja mrefu, mtulivu, aliyevaa sweta ya kijivu ya kufumwa kwa mkono, nene, yenye misuko mikubwa kuanzia shingoni hadi kiunoni.

"Samahani, Mzee," nikasema.

"Hakuna neno, binti," akasema.

Kisha nikataka kuinuka. Nilipojivuta nyuma, sweta ilikuja nami. Mzee alipojivuta nyuma, mimi nilikwenda naye. Tulijaribu upande wa kushoto, tukajaribu wa kulia, na abiria waliokuwa nyuma yetu wakaanza kuguna. Makanga alituchungulia akapiga ubavu wa gari. "Wapenzi, mtaendelea huko chini! Gari inarudi Buru!"

Nilishuka ngazi za matatu kinyumenyume, paji la uso wangu likiwa juu ya tumbo la mtu nisiyemjua. Hilo nalipita haraka kwa hiari yangu.

Tukiwa kando ya njia tulizungumza kama watu wazima, ingawa mimi nilizungumza na msuko wa tatu wa sweta. Kukata uzi wa kidani haikuwezekana: ni nailoni niliyoipaka nta ya nyuki, imepita kila ushanga zaidi ya mara moja, na kuikata pale kungemaanisha kupanda korosho zote za mteja wangu katika mitaro ya Tom Mboya Street. Kukifungua kidani kisogoni nako hakukuwezekana, kwa sababu kifungo chake ni kitanzi kinachodai ncha mbili zisogezwe karibu kabla ya kuachia, na kila mzee alipozisogeza nyuma, kulabu za mbele zilizidi kuingia katika sufu. Nilipendekeza, kwa adabu zote, kwamba tukate uzi mmoja tu wa sweta.

Nilihisi kifua kikikakamaa. "Binti, sweta hii nimefumiwa na mke wangu. Ukiikata, mimi leo nitalala wapi?"

Sikuwa na jibu. Hata mimi nisingekubali.

"Yuko Kencom ananingoja," akaendelea. "Twende kwa mwenye kazi yake."

Kutoka hapo hadi Kencom si mbali kwa mtu anayetazama anakokwenda. Mimi nilikuwa nikirudi nyuma hatua kwa hatua, mzee akinielekeza: "Ukingo wa barabara, binti. Inua mguu. Shimo. Subiri, pikipiki." Pale Archives, jengo la nyaraka za taifa, kulikuwa na mhubiri mwenye kipaza sauti, na alipotuona tukipita hivyo, mimi nimeinamisha kichwa, mzee ameniwekea mkono begani ili nisianguke, aliyakatiza mahubiri yake. "Tazameni! Tazameni binti aliyepotea akirudi kwa babaye!" Watu wakasema amina. Mzee ni mtu wa heshima, akapunga mkono. Mama mmoja alinisukumia leso kiganjani na kuniambia nisilie, yote yamekwisha. Leso hiyo bado ninayo, kama mwenyewe anasoma.

Sasa tumefika mahali ambapo rafiki yangu anasema alikuwa amesimama kwenye foleni ya basi, na hapa nitakwenda polepole kwa sababu kichwani mwangu bado panajirudia polepole.

Kwanza mzee alisimama. Kisha pumzi yake ikasita, na kwa kuwa sikio langu lilikuwa juu ya moyo wake, nilisikia jinsi moyo ulivyoongeza mwendo.

"Tumefika?" nikauliza.

"Tumefika."

"Mama yuko wapi?"

"Nyuma yako."

"Mbona hasemi kitu?"

"Anasoma," mzee akasema.

Ndipo nilipokumbuka kanga. Nilikuwa nimejitanda vile kila mtu anavyojitanda, pindo la chini likiwa limeenea mgongoni na jina likiwa katikati, kwa herufi kubwa nyeusi. Tangu Archives nilikuwa nikiwaendea watu kwa mgongo. Jiji zima lilikuwa limekwisha kusoma, na sasa ilikuwa zamu ya mwenye mume.

"Wawili," ilisema sauti nyuma yangu, bila haraka, sauti ya mtu aliyewahi kufundisha watoto kusoma. "Wakipendana." Halafu ikanyamaza. Nilidhani ameghadhabika. La, kanga ilikuwa imejikunja na kumeza maneno yaliyobaki. Nilihisi vidole viwili vikiishika kanga kiunoni mwangu, vikaivuta, vikainyoosha taratibu kama mtu anayetandika meza. "Adui," akasoma. "Hana. Nafasi."

Kencom huwa haina kimya, lakini naapa nilikisikia.

"Mama, si hivyo," nikasema, ila kwa kuwa mdomo wangu ulikuwa umezama katika sufu, sijui alisikia nini.

"Mama watoto," mzee akasema, "tumenasa tu."

"Naona mmenasa."

Simu zilikuwa zimekwisha kuinuliwa. Moja ilikuwa ya rafiki yangu, ambaye nilipomwuliza baadaye kwa nini hakuja kunisaidia, alinijibu kwamba alidhani ni mambo ya faragha. Faragha, Kencom, Jumamosi saa sita mchana!

Mama alizunguka hadi ubavuni kwetu. Alikuwa mfupi, amefunga kitambaa kichwani, na hakumtazama mume wala mimi. Alivaa miwani, akaingiza uso wake katika ile nafasi ndogo iliyokuwepo kati ya shingo yangu na kifua cha mumewe, na kwa muda mrefu alikagua kazi mbili: yake na yangu. Kisha akafungua mkoba, akatoa sindano yake ya kufumia vitambaa, ile yenye ncha ya kulabu, akamwamuru mzee asipumue.

Alianza na kulabu ya pembeni. Hakuvuta. Aliurudisha uzi wa sweta nyuma kidogo kwa sindano, akaupitisha juu ya ncha ya waya, kulabu ikatoka bila hata unywele kukatika. Akahamia ya pili. Na ni hapo, akiwa ameinama vile, ndipo aliponiuliza kwa sauti iliyosikika hadi ng'ambo ya barabara, "Namba gani hizi?"

"Kumi na moja, Mama."

"Amemwomba namba!" mtu akapaza sauti nyuma yetu. "Mpe yote, dada, usimfiche!"

"Namba gani?" mama akarudia, kwa kuwa basi lilikuwa limepiga honi.

"Kumi na moja!" nikapiga kelele.

"Ni zile laini mpya," kijana mmoja akawaeleza wenzake kwa utaalamu. "Zinaanza na sifuri kumi na moja."

Hivyo ndivyo habari ya namba ilivyozaliwa. Mwanamke aliyekuwa akizungumzia ukubwa wa shanga sasa anajulikana katika makundi matatu ya WhatsApp kama mke aliyempokonya mwenzake laini ya simu.

Aliendelea kunasua, akiuliza kuhusu uzi, akiuliza kuhusu nta, akiguna pale alipokubali. Alipofika kwenye kulabu ya katikati, iliyokuwa imezama kuliko zote, alitulia akaigusa korosho moja kwa ncha ya sindano. "Hii imetazama kinyume na wenzake," akasema.

Kati ya yote yaliyonipata siku hiyo, hilo ndilo lililoniuma kweli. Nimehakikisha nyumbani kwenye picha ya kanga: korosho hiyo hata kitambaani imetazama kinyume. Lakini mtu ambaye pua yake imo ndani ya sweta ya mume wa watu hana uwezo wa kubishana juu ya ubunifu. Nilisema, "Ndiyo, Mama."

Kulabu ya mwisho ilipoachia, nilirudi nyuma hatua kadhaa peke yangu na watu wakapiga makofi. Mzee alipumua. Mama aliingiza mkono ndani ya sweta, akavuta nyuzi zilizotokeza hadi misuko ikalala kana kwamba hapakuwa na ajali, akaniokotea kauri iliyokuwa imeanguka kwenye kiatu cha mumewe, akaniambia anataka kidani cha namba 8 kwa sababu macho yake hayapendi namba 11. Namba yangu ya simu aliichukua wakati huo, kwa amani, na wale vijana wakasema, "Mmeona?"

Yaliyobaki ni mafupi. Nilifika sokoni nimechelewa, fundi mmoja wa shanga akaniazima koleo, nikazibana kulabu zote hadi zikafumba kabisa, na mteja alipouliza kuhusu sarafu zake nilimwambia sarafu zimepitwa na wakati. Kidani kilimkaa vizuri, korosho zikafuatana na zile za gauni, naye akafurahi. Kabla ya kumwachia nilimwuliza mchumba wake atavaa nini siku hiyo. Akasema suti. Nikamwuliza ya kitambaa gani. Alinitazama kidogo, akasema ni laini kabisa, akanilipa kilichobaki na kuondoka kabla sijaongeza swali.