Amplifaya za valvu: tunanunua saundi au tunanunua taa?

Mjomba wangu alikuwa fundi redio Tanga tangu enzi zile redio ukiwasha unasubiri kwanza ipate moto ndo isikike, na siku nilipomwambia nimenunua amplifaya ya valvu, zile chupa ndogo za kioo zinazowaka ndani kama taa, kwa ajili ya hedifoni, tena kwa hela ambayo ukiongeza kidogo unapata pikipiki iliyotumika, alinyamaza alafu akaniuliza, "Kwani mpwa wangu, transista zimeisha madukani?"

Nilicheka ila swali likanikaa. Huyu ni mtu aliyeishi na hivi vitu kwa lazima, sio kwa mapenzi, na kizazi chake chote kilipopata njia ya kuviacha kiliviacha na hakijawahi kugeuka nyuma. Sisi ndo tunavirudia, tena kwa hela nyingi. Kwahiyo naweka hapa upande wa mjomba na upande wangu, na niseme mapema kabisa kwamba sijaishia katikati, kuna mahali mjomba kanishinda wazi na kuna mahali sikubali.

Valvu ni kitu cha 1904, Fleming kule Uingereza, alafu 1906 Lee de Forest wa Marekani akaongeza kigridi katikati na hapo ndo ikaanza kukuza sauti. Ndani ya ile chupa isiyo na hewa kuna kipande kinachemshwa mpaka kinatema elektroni, na gridi inabana na kuachia kama mtu aliyeshika koki ya bomba. Mwaka 1947 wale wa Bell Labs, maabara ya Marekani, wakaja na transista, kazi ile ile ila hamna moto wala kusubiri. Hapo hoja ya mjomba inaanza kuuma. Chukua valvu inaitwa 6080, ambayo watu wa hedifoni wanaipenda sana. Hii ilitengenezwa kwa ajili ya kutuliza volti kwenye mitambo, mziki haukuwa kazi yake. Kuichemsha tu, bado hujapiga hata nyimbo, inakula volti 6.3 mara ampia 2.5, yani karibu wati 16. Sasa hedifoni kama Sennheiser HD 650 ukiipa volti moja, ambayo kwa omu zake 300 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ni kama miliwati 3 na kitu, inapiga desibeli 103, hapo masikio yanaomba poo. Wati 16 za kupasha moto ili upate miliwati 3! Mjomba akisikia hesabu hii ataniombea dua.

Na vipimo navyo viko upande wake. Amplifaya ndogo ya kisasa ya chipu, inayoingia mfukoni, inakupa distosheni, yani uchafu ambao amplifaya yenyewe inauongeza kwenye sauti, chini ya asilimia 0.001. Ya valvu isiyo na fidibaki (kurudisha sehemu ya sauti inayotoka ili amplifaya ijisahihishe) inaweza kufika asilimia 1 na mwenye nayo wala hana habari, amefumba macho anatikisa kichwa.

Ila hapo hapo kwenye distosheni ndo mi naanza kubisha, kwa sababu asilimia haikuambii ni uchafu wa aina gani. Ukipiga noti ya hetsi 440 (mitetemo kwa sekunde), valvu ya mtindo wa moja moja, ambapo moja inabeba wimbi lote, inapenda kuongeza kidogo ya 880, na 880 ni noti ile ile oktavi moja juu, sikio linaipokea kama sauti imenenepa kidogo, halishtuki. Uchafu unaokera ni wa mbali, mfano mara saba, 3080, hiyo inaangukia katikati ya noti na inakwaruza hata ikiwa ndogo. Mwaka 1973 Mmarekani mmoja, Russell Hamm, aliandika kwenye jarida la Audio Engineering Society kwamba valvu na transista zinaachana hasa pale kifaa kinapozidiwa nguvu, kila moja inazidiwa kwa namna yake. Watu wanaitumia sana hoja hii kutetea valvu, ila tuwe wakweli, nani anayezidiwa? Mpiga gitaa ndo anayezidisha makusudi, ndo maana amplifaya za gitaa hazijawahi kuacha valvu, pale distosheni ni sehemu ya chombo chenyewe, kama ngozi kwenye ngoma. Wewe unayesikiliza kanda iliyokwisha rekodiwa, sebuleni, volumu ya kistaarabu, hujazidisha chochote. Ule utamu wa gitaa tayari umo kwenye rekodi.

Kisa kinachonikosha kuliko vyote ni cha 1985. Bob Carver, mtengeneza amplifaya wa Marekani, aliwaambia watu wa jarida la Stereophile kwamba anaweza kuchukua amplifaya yake ya transista ya bei ya kawaida akaifanya isikike sawasawa na yoyote ya bei mbaya watakayomchagulia. Wakamchagulia, na ilikuwa ya valvu. Jamaa akajifungia nazo, anapima tofauti ya kilichotoka kwenye hii na kile na kuipunguza kidogo kidogo, siku mbili hivi, na wahariri waliposikiliza wakashindwa kuzitofautisha. Watu wa vipimo wanashangilia kisa hiki kama goli lao, kwamba unaona, valvu haina uchawi wowote. Mi nakisoma pande zote. Kama haikuwa na saundi yake, Carver alikuwa anaiga nini usiku kucha? Saundi ya valvu ipo, ni kitu cha kweli. Ila ukiweza kuipima unaweza kuihamisha, kwahiyo yule anayekuambia ndani ya chupa kuna roho ya mziki ambayo mashine haiwezi kuiona, mpe soda umuache.

Sasa sehemu kubwa ya hicho kinachosikika, kwa uzoefu wangu, haitoki hata kwenye distosheni. Inatoka kwenye impidensi, yani ule ukinzani wa omu, ya pale sauti inapotoka kwenye amplifaya, na hapa ndo ningependa kila anayetaka kununua akae dakika tano, kwa sababu hapa ndo hela inapotea au inapata maana. Zile za hedifoni zisizo na transfoma ya kutolea sauti, kama Bottlehead Crack ambayo unaunda mwenyewe, zinaweza kuwa na omu mia na kitu upande wa kutokea. HD 600 na 650 zina omu 300 sehemu kubwa, ila kwenye besi, karibu na hetsi 100, zinapanda mpaka 500 hivi. Volti inagawanyika kati ya amplifaya na hedifoni, kwahiyo piga hesabu na omu 100: pale penye 300 unabaki na robo tatu ya volti, pale penye 500 unabaki na zaidi ya asilimia 83. Tofauti inakuja kama desibeli 1, ya besi, bure. Ndo ule "ujoto" tunaouimba. Sio utani, desibeli 1 iliyosambaa kwenye besi inasikika, na mimi naipenda, naipenda sana, hasa kwenye dansi la zamani ambalo gitaa la besi kwenye rekodi nyingi liko mbali kama linapigwa nyumba ya pili.

Chomeka hapo hapo hedifoni ya omu 32, au zile earphone za kuingiza sikioni zenye spika nyingi ndogo ndani, kila kitu kinaharibika. Besi inalegea au inakatika, volumu haipandi vizuri, na kelele ya chini chini, ile mmm, inakuwa ndo wimbo. Kuna jamaa yangu alinunua kwa kuona picha, kwa sababu ya ule mwanga wa rangi ya chungwa, alafu akaniambia valvu ni takataka. Hedifoni yake ilikuwa ya omu 24. Kwa hali yake yupo sahihi kabisa, na hamna valvu ya kubadilisha itakayomtoa pale. Hedifoni ndo zinachagua amplifaya, kwahiyo anza na zile unazomiliki.

Kwenye spika mambo yanageuka na hapa nasogea upande wa mjomba. Valvu 300B, ile maarufu ya Western Electric ya miaka ya 1930, moja kila upande inakupa wati 8 hivi. Wati 8 sio kidogo kama spika zako zina desibeli 98 kwa wati moja, zile kubwa kama kabati, zenye honi. Spika za kawaida tunazoweza kununua na kuingiza kwenye chumba cha kupanga ni za desibeli 86 hivi, na ile tofauti ya 12 maana yake pale ile kubwa inaposhiba na wati 1, ya kwako inataka karibu 16. Kwahiyo utaiendesha mwisho kila siku, na wati 8 zinazolia si utamu wowote, ni kuzidiwa tu. Alafu ile impidensi ya kutokea nayo inakuja kubwa zaidi kwa spika: amplifaya yenye omu 2, spika inayozunguka kati ya omu 4 na 30, unapata mabonde na vilima vya kama desibeli 3, na hujui vitaangukia wapi mpaka ushanunua. Kuna watakaoipenda na kuna watakaosikia mwimbaji kama anaimba na kikombe mdomoni. Za valvu mbili mbili zenye fidibaki, EL34 au KT88, zinapunguza tatizo hilo, ila ukishaweka fidibaki ya kutosha saundi inasogea kuelekea transista, sasa umelipia nini?

Umelipia umeme. Amplifaya ya EL34 nne inavuta tuseme wati 150 iwe unapiga mziki au umeenda kuoga. Masaa manne kwa siku, mwezi ni yuniti 18, na kwa yule aliye kwenye tarifu ndogo ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya yuniti 75 kwa mwezi, karibu robo imeliwa na kitu kimoja, tena Dar ya mwezi wa pili ambapo hakuna aliyeomba hita sebuleni. Na volti zetu zenyewe mnazijua. Ukuta ukipanda kutoka 230 kwenda 255, ile 6.3 ya kuchemshia inakuwa karibu 7, na hiyo inazidi kiwango ambacho valvu nyingi zimepangiwa, inazeeka haraka. Stabilaiza nzuri kabla ya kufikiria valvu ya bei, nawaomba. Mimi nilijifunza kwa kuua jozi moja.

Upatikanaji ndo kabisa. Valvu mpya za mziki zinatoka sehemu chache tu duniani, hasa Urusi, Slovakia kwa kiwanda cha JJ, China, na Western Electric wenyewe Marekani. Mwaka 2022 mauzo ya Urusi yalipotikiswa na vita bei zikaruka. Kwahiyo ukinunua amplifaya, nunua na valvu za akiba siku hiyo hiyo, na chagua inayotumia valvu za kawaida, ECC83, 6SN7, EL84, sio ile nadra aliyokusifia mtu ambayo ikifa unatafuta Ulaya miezi mitatu.

Vile viboksi vya bei rahisi vyenye valvu mbili ndogo juu na adapta ya volti 12, mi sina ugomvi navyo ila jueni mnachopata. Mara nyingi kazi yote ya kusukuma inafanywa na chipu chini, na baadhi vina LED ya rangi ya chungwa chini ya valvu ili ionekane inawaka. Hiyo ni taa, tena kwa maana zote. Kama unataka kuonja tu ni sawa, ila usiseme umesikia valvu.

Kuna na hili la rekodi zetu za kale. Watu wanadhani valvu itazirudisha. Santuri za Siti binti Saad za Bombay 1928, ukizisikiliza leo zilivyohamishwa, sauti haina chini wala juu, ni katikati tu na mkwaruzo wa sindano. Valvu yangu haiongezi kilichokosekana pale, ila inanifanya nivumilie, ule ukali wa katikati unatulia kidogo na naweza kusikiliza pande sita mfululizo. Transista yangu inanipa ukweli na nazima baada ya mbili. Najua vizuri kwamba ikwalaiza ya simu ingeweza kunifanyia hivyo hivyo bure. Nimejaribu, inakaribia sana. Bado saa tatu usiku nawasha ile ya valvu, nasubiri dakika zake mbili, na sitajifanya kwamba kusubiri huko hakuchangii chochote.

Kwahiyo kwangu: hedifoni za omu nyingi, valvu, sijutii. Spika, nimerudi kwenye transista, na ile amplifaya kubwa niliuza kwa hasara. Kwa fundi asiye na uzoefu kuna la kumuogopesha pia, ndani mna volti 300 mpaka 400 na kapasita zinabaki na chaji hata ukichomoa ukutani, na ile ya spika usiiwashe bila spika kuungwa, transfoma inaweza kuungua.

Mjomba alikuja Dar mwezi uliopita. Nikamvalisha hedifoni, nikamuwekea taarabu, akasikiliza wimbo mzima bila neno. Alipovua nikategemea hukumu. Akaniambia kuna mkwaruzo upande wa kushoto, miguu ya valvu imeliwa na chumvi ya hewa ya huku, zima ipoe umletee spiriti na pamba. Akaichomoa taratibu, akasugua mguu mmoja mmoja akiwa ameishika kwa kanga ya mke wangu, akarudisha.

"Haya washa," akasema, na akavaa tena hedifoni kabla haijapata moto.