Simu yangu ni yako

Saluni ninayosukia nywele iko Mwanjelwa, hapa Mbeya, na Jumamosi nyingi nikifika hukuta tamthilia ya Kituruki yenye sauti za Kiswahili inaendelea. Juzi mwanaume alimkuta mchumba wake nje ya ofisi akiongea na mfanyakazi mwenzake. Hakuuliza kitu. Alimkamata mkono, akamvuta hadi kwenye gari, akamnyang'anya simu na kuanza kusoma meseji. Binti akalia. Baadaye yule bwana naye akalia, akasema aliwahi kuachwa na hataki kuachwa tena. Muziki ukapanda, binti akamkumbatia: "Kuanzia leo simu yangu ni yako."

Saluni nzima ilishusha pumzi. "Jamani, huyu kaka anapenda!" alisema dada aliyekuwa ananisuka.

Naelewa kwa nini waandishi wanafanya hivi. Kule Uturuki sehemu moja ya tamthilia inaweza kuzidi saa mbili, ndiyo maana zikiuzwa nje hukatwakatwa vipande vifupi. Hadithi ndefu hivyo inahitaji kuni, na wivu ni kuni zisizoisha. Za Kikorea nazo zimetuzoesha yule kijana anayemshika msichana kifundo cha mkono na kuondoka naye. Binti akisema "nirudishie simu yangu, tutaongea ukitulia," na mwanaume akairudisha, wiki ijayo hakuna cha kuonyesha.

Ila kinachoniumiza ni pale machozi ya yule bwana yanapofuta kosa lake. Kuachwa kunauma, simkatalii mtu uchungu wake. Lakini uchungu aliousababisha mwingine analipishwa binti huyu, na sisi tunampongeza kwa kulipa.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiishi Uyole, nilimpa mchumba wangu namba ya siri ya simu yangu. Aliomba kwa upole, usiku mmoja wa Julai, tumekaa karibu na jiko la mkaa kwa baridi. Alitulia kama wiki mbili. Kisha akauliza kwa nini mwalimu wa kwaya ananitumia meseji. Nikaifuta namba ya mwalimu. Akauliza kwa nini mazoezi yanaisha saa moja usiku, nikaacha kwaya. Mwisho ikawa dada yangu wa Tukuyu. Tukipigiana simu tunaongea Kinyakyusa, na yeye hakielewi, hivyo akataka tuongee Kiswahili ili asikie. Nikakubali. Dada akawa ananijulia hali kwa Kiswahili, kama mgeni, na mimi namjibu kwa Kiswahili, mtu amekaa pembeni anasikiliza. Tukaishiwa maneno. Dada akapunguza kupiga.

Hakuwa mkatili, na hilo ndilo lililonichelewesha. Hakuwahi kuninyanyulia mkono wala sauti. Aliogopa kweli, na mimi niliamini nikimpa kila anachoomba hofu itaisha. Lakini haikuwa ndani ya simu yangu, wala kwenye kwaya, wala kwenye lugha ya nyumbani kwetu. Ilikuwa kwake, naye kila alipopewa kitu alirudi kuomba kingine.

Wapo watakaosema wapendanao hawafichani, na mwenye kulinda simu ana lake jambo. Najua wenza wanaojibiana simu bila shida, mmoja akiwa jikoni mwingine anapokea, na napenda kuwaona. Wale hawakaguani. Ibara ya 16 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na mawasiliano yake, na sijaona mahali panaposema hifadhi hiyo inakoma ukivishwa pete.

Haya niliyasema palepale kwenye kiti, nywele nusu zimesukwa. Dada msusi alinyamaza. Aliyeuliza ni binti anayejifunza kazi, ambaye muda wote alikuwa anachambua rasta.

"Sasa dada, yule angefanyaje?"

Nikamwambia angedai simu yake. Akinyimwa, ashuke kwenye gari aende kwao, mpaka bwana ajifunze kuongea bila kumkamata mkono.

"Hata kama anampenda?"

"Hata kama anampenda, mdogo wangu."

Akanipa fungu jingine la rasta, macho yamerudi kwenye televisheni.