Naomba Maoni ya Kweli, Msinionee Haya

Tangu jana usiku mimi ni mtu aliyefungwa mdomo kwa siku saba. Sijaiba, sijatukana, wala sijamtumia mtu tangazo la kumtajirisha kwa wiki mbili. Nimezuiwa kuandika katika kundi la mtandaoni la watu wanaopiga picha za anga kwa kujifurahisha, na kosa langu, kama lilivyoandikwa na msimamizi, ni "kuwavunja wenzako moyo". Hukumu hiyo niliisoma nikiwa nimesimama, kwa kuwa naamini mtu mwenye heshima zake hasomi hukumu akiwa amekaa.

Ninyi mnaoishi katika makundi haya hamhitaji maelezo. Mnalijua lile ombi ambalo kila mtu huliweka chini ya kazi yake: "Naomba maoni ya kweli, msinionee haya." Kwa miaka mingi nimeyachukulia maneno hayo kuwa na maana iliyomo ndani yake. Sasa nimeelewa kwamba ni salamu tu, na kwamba anayeyajibu ni sawa na mtu anayeulizwa "Hujambo?" barabarani akaanza kueleza habari za figo zake.

Picha yenyewe ilikuwa nzuri, na hilo nalisema hadharani hata katika kipindi hiki ninapodhulumiwa. Ulikuwepo mwezi mwandamo mwembamba kama ukucha uliokatwa, anga la zambarau, na mstari wa milima chini. Na katikati ya pembe mbili za mwezi, ndani kabisa, iling'aa nyota moja kama kito. Wahenga walimwona mgema akisifiwa akalitia tembo maji, lakini hawakuwahi kumwona mgema akisifiwa na watu mia mbili kwa vikaragosi vya moto. Mimi niliitazama ile nyota, nayo ikanitazama. Mtu mwenye busara angeondoka hapo hapo.

Lakini jamani, mwezi mwandamo haujamegwa! Mwezi ni tufe zima lenye kipenyo cha kilomita 3,474 hivi, na ile sehemu tusiyoiona ipo pale pale, imekaa gizani. Nyota ikionekana hapo, maana yake imesimama mbele ya mwezi, ndani ya hizi kilomita 384,400 hivi zinazotutenganisha nao, ilhali nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua, Proxima Centauri, iko mbali kiasi kwamba mwanga wake husafiri zaidi ya miaka minne kabla ya kutufikia. Nyota ingekuja kututembelea kwa ukaribu huo, nadhani tungeitambua kwa joto kabla ya mtu kutafuta kamera.

Basi nikaandika kwa adabu, kwa ule utaratibu wa kutanguliza sifa, kuficha kosa katikati na kumalizia kwa sifa nyingine: "Ndugu mpiga picha, hongera kwa rangi na utulivu wa picha yako. Nadhani nyota imeingia kwa bahati mbaya mahali ambapo mwili wa mwezi ungeizuia. Ikiwa nje ya pembe itapendeza zaidi. Endelea na moyo huo huo." Niliusoma ujumbe huo mara nne, nikaondoa "bahati mbaya", nikairudisha, kisha nikaongeza kikaragosi cha tabasamu, jambo ambalo kwa umri wangu si dogo.

Jibu la kwanza lilifika kabla sijaweka simu chini: "Wewe picha zako ziko wapi?" Kwa kanuni hii, abiria hana haki ya kusema kwamba basi limeingia mtaroni mpaka kwanza aonyeshe leseni yake ya udereva. Na picha ninazo. Ninayo moja ya mwezi uliotokea kama taa ya koridoni, kwa kuwa niliiacha lenzi wazi kwa muda mrefu nikidhani ni usiku, nikasahau kwamba mwezi umepigwa na jua sawa na mlima wowote saa sita mchana. Aliyenieleza kosa hilo mwaka jana sijamsalimia mpaka leo, lakini yule alikuwa na kiburi, na hilo ni suala jingine kabisa.

Wa pili aliandika neno moja tu, "Wivu." Wa tatu akasema sanaa haina sheria. Wa nne akasema ningemfuata mwenzangu faragha, wa tano akamjibu kwamba wanaosemea faragha ndio wanafiki wenyewe, wakaanza kugombana wao kwa wao nikapata nafasi ya kunywa maji. Wa sita akaandika, "Usisafirie nyota ya mwenzio," akapata mioyo sitini, na nakiri kwamba hata mimi ningempa wangu kama nisingekuwa ndiye niliyekuwa napigwa na methali hiyo.

Ndipo alipoingia mtu wa bendera. Huyu aliuliza, kwa upole wa mwendesha mashtaka, kama nimewahi kuiona bendera ya Pakistani, au ya Tunisia, ambako nyota imekaa ndani ya mwezi bila wasiwasi wowote. "Yaani mataifa mazima yamekosea, wewe peke yako ndiye uliyepatia?" Nilijaribu kueleza kwamba bendera haipigwi picha kwa darubini, na baada ya dakika tatu ikawa imeenea kundini kwamba ninadharau mataifa ya watu. Mwingine akaja kusuluhisha, akasema huenda ile ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, lile dude linaloizunguka Dunia likiwa na watu ndani. Nikamshukuru kwa dhati, maana hilo kweli huweza kupita mbele ya mwezi, likiwa juu yetu kama kilomita 400 tu. Ila hukatiza kwa kufumba na kufumbua, wala halisimami kupigwa picha likiwa limetulia katikati. Akaniuliza nimejuaje kama halikusimama.

Hapo heshima yangu ilianza kunitoka. Niliandika kwa herufi kubwa: TUFE. MWEZI NI TUFE. Kisha nikajirudi, nikaeleza kwamba mwezi ukiwa mwembamba unaweza kuiona ile sehemu ya giza ikiwa na weupe hafifu, kwa sababu mwanga wa jua hudunda kwenye Dunia ukaenda kuumulika mwezi, na kwamba Leonardo da Vinci, yule mchoraji wa Mona Lisa, alikwishaandika habari hiyo zaidi ya miaka 500 iliyopita. Mtu mmoja akajibu, "Na huyo Leonardo naye, picha zake ziko wapi?"

Nilikaa kimya muda mrefu. Picha za Leonardo ninajua ziko wapi. Moja iko Paris, nyuma ya kioo.

Mwaka 1990, Mmarekani Mike Godwin alitoa kanuni kwamba kadiri mjadala wa mtandaoni unavyorefuka, ndivyo uwezekano wa mtu kufananishwa na Hitler unavyokaribia kuwa hakika. Niliposoma kanuni hiyo zamani nilicheka. Zamu yangu ilifika kwenye ujumbe wa thelathini na moja.

Wala msidhani ni kundi hili tu. Kwa wafuga samaki wa mapambo nilisema kwamba bakuli la duara ni dogo mno kwa samaki wa dhahabu, nikaambiwa samaki mwenyewe hajalalamika. Kwa wafumaji nilionyesha mkono mmoja wa sweta uliouzidi mwenzake, nikaambiwa ndio mtindo. Huko kote nilipelekwa na kile wanachokiita maoni ya kujenga, na kila nilipofika na tofali langu nilikuta kiwanja kina mwenyewe, ana mbwa.

Leo asubuhi aliyepiga picha kanifuata faragha. "Shikamoo mzee," akaandika, nami neno hilo la pili nikalimeza kama lilivyo. "Nyota niliibandika kwa programu ya simu. Naomba usiwaambie. Ila nisaidie, niiweke wapi ionekane ya kweli?" Marahaba. Nikamwelekeza aitoe nje ya pembe, na aiite Zuhura, ambayo ni sayari na huonekana kweli karibu na mwezi mwandamo baadhi ya jioni.

Alasiri picha mpya ikapandishwa. Makofi yakamwagika. Mtu wa bendera akaandika kwamba hata yeye ile ya kwanza aliiona ina kasoro, akaogopa kusema asije akamvunja mtu moyo. Nikaisogeza picha karibu na macho. Nyota iko nje, safi kabisa. Ila safari hii kijana amegeuza mwezi, na pembe zake zimeelekea kule kule kwenye wekundu ambako jua limezama, wakati upande wa mwezi unaong'aa ndio ambao siku zote hulielekea jua.

Chini yake ameandika, "Naomba maoni ya kweli." Zimebaki siku sita, na kitufe pekee nilichoachiwa ni kile cha moyo. Nimekibonyeza.